Kubeba, Kuburuta na Kubingirisha: Hesabu ya Msuguano katika Historia ya Uchukuzi wa Nchi ya Katavi

Wageni wengi walioandika habari za bara la Tanganyika katika karne ya 19 waliona ajabu kwamba mizigo yote ilichukuliwa kwa vichwa na mabega ya watu. Baadhi yao walihukumu upesi kwamba gurudumu halikutumika kwa sababu halikujulikana, na kwamba watu wa bara hawakuwa na akili ya mitambo. Hukumu hiyo imerudiwa mara nyingi katika vitabu vya shule hata ikachukuliwa kuwa ni jambo lisilohitaji ushahidi. Katika makala haya twakusudia kuipima, si kwa maneno matupu bali kwa hesabu, tukichukua mfano wa nchi ambayo leo yaitwa Mkoa wa Katavi, yaani Mpanda, Mpimbwe na pwani ya Karema na Ikola katika Ziwa Tanganyika. Chombo cha kupimia ni kanuni moja ya umakanika, kanuni ya msuguano. Na kwa kuwa wasomaji wa jarida hili ni watu wa lugha, yafaa tuanze na neno lenyewe.

I. Neno

Mzizi wake ni kitenzi sugua. Mtu husugua sufuria, husugua meno, husugua sakafu. Katika kitenzi hiki yupo mtendaji mmoja na kitu kimoja kitendewacho. Lakini nomino ya kisayansi haikutoka moja kwa moja katika sugua. Imetoka katika suguana, yaani kauli ya kutendana, ndipo likapatikana neno msuguano. Jambo hili si dogo. Kauli ya kutendana yasema kwamba vitu viwili vinatendana sawasawa: gogo linaisugua ardhi, na ardhi inalisugua gogo. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu ya Isaac Newton, aliyoitangaza mwaka 1687, ya kwamba kila kani ina kani nyingine iliyo sawa nayo na inayoelekea upande wa pili. Vivyo hivyo lugha yetu imeunda mgongano kutokana na gongana, na mvutano kutokana na vutana. Maneno hayo matatu ni ndugu, na kila moja lataka miili miwili. Mwanafunzi aliyelipata neno msuguano pamoja na asili yake amekwisha kupata nusu ya somo.

Yapo tena maneno ya kazi yenyewe, na humo Kiswahili ni tajiri kuliko tunavyodhani. Kuvuta ni neno la jumla. Kuburuta ni kuvuta kitu hali kikigusa ardhi kwa urefu wake na kuacha alama. Kukokota ni kuvuta kwa taabu, polepole, kitu kizito. Kubingirisha ni kukifanya kitu kijizungushe kiende. Kuteleza ni kwenda bila ya kushikwa, na utelezi ni hali ya uso usioshika. Kunata na kukwama ni kinyume chake. Tazama pia mkokoteni: hili ni gari la magurudumu, lakini jina lake limetoka katika kukokota. Aliyelipa jina alitazama taabu ya mtu alivutaye, wala hakutazama mzunguko wa magurudumu yake.

II. Kanuni

Leonardo da Vinci, mwishoni mwa karne ya 15, aliandika katika madaftari yake kwamba kani ya kuburuta kitu hufuata uzito wake, wala haifuati upana wa uso unaogusa chini. Madaftari hayo hayakuenezwa, na kanuni ikabidi igunduliwe tena na Mfaransa Guillaume Amontons, aliyeitangaza mwaka 1699. Leonardo alidhani kwamba msuguano ni robo ya uzito. Amontons alidhani ni theluthi. Wote wawili walikosa katika jambo moja tu: hakuna namba moja ifaayo kwa vitu vyote. Katika karne ya 18 Leonhard Euler alitenga msuguano wa kitu kilichotulia na ule wa kitu kinachokwenda. Kisha Charles-Augustin Coulomb akafanya majaribio mengi katika karakana za meli za Rochefort, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1785. Haikuwa bahati kwamba kazi hiyo ilifanyika mahali pajengwapo meli, kwa maana mjenzi wa meli hana budi kujua ni lini chombo chake kitateleza majini na ni lini kitakwama.

Kwa ufupi kanuni yasema hivi. Chukua kani inayokandamiza nyuso mbili. Izidishe kwa namba iliyo tabia ya nyuso hizo. Utapata kani ya msuguano. Namba hiyo tutaiita kadiri ya msuguano. Kwa mbao juu ya udongo mkavu yaweza kuwa kama 0.5, kwa chuma juu ya chuma kikavu ni namba nyingine, na pakipakwa mafuta hushuka sana.

Tufanye mfano. Mafundi wamekata gogo la mninga katika misitu ya Mpanda, nalo lina kilo 600. Uzito wake, yaani kani ambayo dunia yalivuta, ni 600 mara 9.8, sawa na nyutoni 5,880. Juu ya ardhi tambarare hiyo ndiyo kani ikandamizayo. Ikiwa kadiri ya msuguano ni 0.5, kani ya kuliburuta ni nyutoni 2,940. Tukisema kwamba kila mtu aweza kuvuta nyutoni 300 bila ya miguu yake kuteleza, watahitajiwa watu 10. Kulianzisha gogo kutataka nguvu zaidi, maana msuguano wa kitu kilichotulia kwa kawaida huzidi ule wa kitu kinachokwenda. Ndiyo sababu wavutaji huitikiana ili wavute kwa pamoja mara moja: lile neno la kuitikia ni chombo cha kuushinda msuguano wa kwanza.

Ardhi ikiwa na mteremko, uzito hugawanyika. Sehemu moja hukandamiza chini, na sehemu nyingine husukuma kufuata mteremko. Kadiri mteremko unavyozidi, sehemu ya kwanza hupungua na ya pili huongezeka. Kwa kadiri ya 0.5, gogo litaanza kuteleza lenyewe mteremko ukikaribia digrii 27. Na hapa pana jambo la kushangaza mwanafunzi: digrii hizo hazitegemei uzito. Gogo la kilo 60 na la kilo 600 huanza kuteleza katika mteremko uleule, mradi nyuso zao ni za namna moja.

III. Mpagazi

Sasa turudi kwenye historia. Mwezi wa Agosti 1879 Mbelgiji Cambier aliweka kituo Karema kwa niaba ya chama cha kimataifa kilichoundwa na Mfalme Leopold wa Pili. Vitu vya kituo hicho vililetwa kutoka pwani kwa misafara ya wapagazi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Aliubeba kichwani juu ya ngata, au begani, au akaugawa pande mbili kwa mzegazega.

Je, hangekuwa na nafuu kuuburuta? Tupige hesabu. Uzito wa kilo 32 ni nyutoni 314. Kwa kadiri ya 0.5, mpagazi angelazimika kuvuta nyutoni 157 kila hatua, ni sawa na kuinua kilo 16 mikononi toka asubuhi hadi kambini, tena katika njia nyembamba yenye mizizi, mawe na vijito. Mzigo uliobebwa hausuguani na ardhi kabisa. Hausuguani na kitu ila ngata, na huko msuguano ni rafiki, kwa maana ndio uuzuiao usianguke. Hata unyayo wa mpagazi hausugui njia kwa kuteleza. Washikwa na ardhi kwa msuguano tuli, na kwa kushikwa huko mtu huenda mbele. Katika uchukuzi wa kichwani, basi, msuguano umewekwa mahali pawili tu panapohitajiwa, na umeondolewa mahali penginepo pote. Huo si uchukuzi wa watu wasiojua mitambo.

Hata hivyo hesabu haitupi ruhusa ya kuisifu kazi ile kupita kiasi. Wahenga wamesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wengi walioandika habari za misafara walikuwa wenye kubebewa. Wapagazi walikufa kwa ndui, kwa njaa na kwa vita, na majina ya wengi wao hayakuandikwa.

IV. Gari na tembo

Msomaji atauliza: kwa nini basi hawakutumia gari? Jibu ni kwamba walijaribu, tena waliojaribu walikuwa ni wale waliolijua gurudumu tangu utotoni. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society alipima njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akaiona yafaa. Mwaka 1877 magari yalipotiwa njiani, ng'ombe walikufa kwa wingi, na mizigo ikarudi vichwani.

Hesabu yaonyesha kwamba mbung'o hakuwa adui wa pekee. Chukua gari lenye kilo 1,000 pamoja na shehena, uzito wa nyutoni 9,800. Katika barabara ngumu, ukinzani wa kubingirika waweza kuwa 0.04 ya uzito, yaani nyutoni 392. Katika mchanga mwingi waweza kufika 0.25, yaani nyutoni 2,450. Jozi ya ng'ombe wenye kilo 700 kwa pamoja huweza kuvuta kwa muda mrefu kama sehemu moja ya kumi ya uzito wao, yaani nyutoni 686. Kwa barabara ngumu jozi moja yatosha na kubakisha. Kwa mchanga zatakiwa jozi nne, na kila jozi yaongeza shingo mbili za kuumwa na mbung'o, tena yataka majani na maji. Kwa hiyo gurudumu peke yake si uvumbuzi kamili. Uvumbuzi kamili ni gurudumu pamoja na barabara ngumu pamoja na mnyama aishiye. Nchi iliyokosa viwili katika hivyo vitatu haikuwa na faida na cha kwanza.

Wabelgiji walijaribu dawa nyingine. Mwaka 1879 tembo wanne wa Kihindi waliteremshwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, chini ya uongozi wa Kapteni Carter, wapelekwe Karema ili ionekane kama tembo aweza kuchukua nafasi ya mpagazi. Mpango huu ulikuwa na akili ndani yake, maana mnyama abebaye, kama mtu abebaye, hahitaji barabara. Lakini ni mmoja tu aliyefika Karema, mwishoni mwa mwaka huo, naye hakudumu. Carter mwenyewe, pamoja na mwenzake Cadenhead, aliuawa mwezi wa Juni 1880 huko Mpimbwe, katika vita vilivyohusisha majeshi ya Mirambo. Kituo cha Karema kilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe mwaka 1885, na mizigo yao pia ilifika juu ya vichwa.

V. Mashua juu ya milima

Ng'ambo ya ziwa, katika Kongo, mwaka 1915 lilifanyika jaribio kubwa zaidi la kukokota. Waingereza walitaka kuwanyang'anya Wajerumani utawala wa Ziwa Tanganyika. Walileta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na urefu wa kama futi 40. Zilisafirishwa kwa meli kutoka Uingereza hadi Cape Town, kisha kwa reli hadi Fungurume, chini ya uongozi wa Spicer-Simson. Kutoka hapo zilivutwa kwa nchi kavu, zikavuka milima ya Mitumba. Zilikuwa juu ya magari, zikivutwa na mashine za mvuke, na ng'ombe, na mamia ya watu. Magurudumu yalizama mara kwa mara, na mashine zilipokosa maji, watu wa vijiji waliyaleta kwa vyungu. Yaani mashine iliyoletwa iwe badala ya mpagazi haikuweza kwenda bila ya mpagazi. Mashua zilifika Lukuga mwishoni mwa Oktoba, zikatiwa ziwani mwezi wa Desemba, na tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka Kingani.

Wajerumani nao walikuwa na meli kubwa, Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku kama 5,000, ikaletwa kwa reli hadi Kigoma, ambako reli ilifika mwaka 1914. Iliteremshwa majini Februari 1915. Kila meli ijengwayo nchi kavu huteremshwa kwa hesabu ileile ya gogo letu. Kwa mteremko wa sehemu moja katika 20, kadiri ya msuguano sharti iwe chini ya 0.05, la sivyo chombo hakiendi. Na njia ya kuipata namba ndogo kama hiyo ni kupaka shahamu au mafuta mazito. Mafuta hayo yaliiokoa meli ile kwa namna nyingine. Ilipozamishwa na wenyewe Julai 1916, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado yafaa, na mwaka 1927 ilianza kazi kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi ilipita Ikola na Karema, ikachukua samaki, mchele na abiria. Majini uchukuzi hauna msuguano wa namna ya gogo na ardhi. Upo ukinzani wa maji tu, ambao ukienda polepole ni mdogo sana. Kwa hiyo watu wa pwani ya ziwa walikuwa na njia rahisi tangu kale, na mtumbwi wao haukuwa chombo cha ujinga.

VI. Reli ya Mpanda

Kubingirisha kulishinda hatimaye, lakini kulishinda kwa ajili ya risasi, madini mazito. Mgodi wa Mpanda, uliomilikiwa na kampuni ya Uruwira Minerals, ndio uliosababisha kujengwa kwa tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, karibu kilomita 210, mwishoni mwa miaka ya 1940. Njia hiyo ni ya upana wa milimita 1,000, kama Reli ya Kati ya zamani.

Ubora wa reli waonekana kwa hesabu. Gurudumu la chuma juu ya chuma lina ukinzani mdogo mno, tuseme 0.004 ya uzito. Garimoshi lenye tani 500 kwa jumla, pamoja na injini yake, lina uzito wa nyutoni 4,900,000. Kulivuta katika tambarare kwataka nyutoni 19,600 tu. Lakini ulaini huohuo ni hatari. Injini haivuti kwa nguvu ya mvuke au dizeli peke yake. Yavuta kwa kadiri magurudumu yake yanavyoshikwa na reli. Tuseme tani 40 zimekaa juu ya magurudumu yanayosukuma, yaani nyutoni 392,000. Reli ikiwa kavu na kadiri ni 0.25, injini yaweza kuvuta hadi nyutoni 98,000. Reli ikiwa imelowa na kadiri ni 0.1, haiwezi kuzidi nyutoni 39,200.

Sasa garimoshi lifike kwenye mpando wa sehemu moja katika 100. Uzito pekee waongeza nyutoni 49,000, na jumla ni 68,600. Wakati wa kiangazi injini yapanda. Wakati wa masika magurudumu yazunguka mahali pamoja, na garimoshi halipandi. Dawa yake ni mchanga: injini huchukua mchanga mkavu na kuumwaga juu ya reli mbele ya magurudumu ili kurudisha ule msuguano ambao chuma laini kimeuondoa. Mchanga uleule uliolishinda gari la ng'ombe ndio unaolisaidia gari la moshi. Ni jambo la kumfunza mwanafunzi kwamba msuguano si adui wala si rafiki. La kuuliza ni wapi unatakiwa na wapi hautakiwi.

Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli haikung'olewa, tofauti na ile ya Nachingwea iliyong'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilibaki ikachukua watu, mahindi, mpunga na mbao, na mji wa Mpanda ukakua hata ukawa makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulipoundwa mwaka 2012. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 bandari mpya ilijengwa Karema, palepale mizigo ya Cambier ilipotuliwa.

VII. Hitimisho

Tumeona mambo matatu. Kwanza, katika nchi ya mchanga, mbung'o na njia nyembamba, kubeba kichwani kulikuwa jibu lililokubaliana na hesabu, na walioleta gurudumu kabla ya barabara walishindwa na hesabu hiyohiyo. Wasioitambua walidhani wanaona ujinga. Pili, kila badiliko la uchukuzi katika Katavi, kutoka ngata hadi reli, lilikuwa badiliko la mahali pa msuguano. Tatu, maneno ya kueleza yote hayo tunayo: msuguano, kani, ukinzani, utelezi, kuburuta, kukokota, kubingirisha.

Jambo la tatu ndilo la kutushughulisha sisi wa lugha. Mtoto wa Mpanda hulisikia neno msuguano katika shule ya msingi. Aingiapo sekondari hufundishwa jambo lilelile kwa Kiingereza, na neno alilokuwa nalo huachwa mlangoni kana kwamba halikufaa kwa hesabu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa mwaka 1990, ilionyesha kwamba istilahi zaweza kupatikana. Kinachohitajiwa sasa ni maandishi yanayozitumia: mafumbo ya hesabu yenye magogo ya mninga, mikokoteni ya sokoni na mabehewa ya Kaliua, yaliyoandikwa kwa Kiswahili fasaha na kufuatwa hatua kwa hatua hadi jibu. Istilahi iliyolala katika kamusi ni kama gogo lililotulia: msuguano wake wa kwanza ni mkubwa, na halitaanza kwenda mpaka watu wengi walivute kwa pamoja.